Vukovich: Mizunguko tisa iliyomnyima taji la tatu mfululizo

INDIANAPOLIS, MAREKANI

KAMA ingekuwa soka, basi ilikuwa dakika ya 86. Timu inaongoza, mashabiki wameshaanza kuimba ubingwa, benchi la ufundi limesimama lote linaangalia saa. Halafu ghafla, bila hata mpinzani kugusa mpira, kipa anateleza mwenyewe na mpira unatinga wavuni.

Hicho ndicho kilichompata Bill Vukovich Mei 30, 1952, kwenye mbio za langalanga za Indianapolis 500.

Mbio hizo ni za mizunguko 200. Vukovich alikuwa ameongoza 150 kati ya hiyo. Zikiwa zimebaki tisa tu, chuma kidogo kwenye mfumo wa usukani kikakatika. Gari likawa haliendesheki tena. Ubingwa ukaota mbawa mbele ya macho yake.

Mwaka uliofuata alirudi, akashinda. Mwaka 1954 akashinda tena. Mwaka 1955 alikuwa anaongoza tena, akafa akiwa mbele ya wenzake wote.

Yaani ndani ya miaka minne, kila walipokutana kwenye uwanja ule, huyu jamaa alikaa mbele na wengine wakamfukuza. Mpaka leo hakuna dereva aliyewahi kushinda Indianapolis 500 mara tatu mfululizo. Hat-trick hiyo haipo kwenye vitabu. Aliyeikaribia kuliko wote ni Vukovich, na kilichomnyima ni chuma kidogo na kilomita 36 za barabara.

UWANJA WENYEWE

Kwa shabiki aliyezoea kuona langalanga za siku hizi zikikatiza mitaa ya Monaco, uwanja wa Indianapolis ni kitu kingine. Uko katika jimbo la Indiana, ulifunguliwa mwaka 1909, na mbio za maili 500 zilianza mwaka 1911.

Ni duara refu lenye kona nne, zote za kushoto. Mzunguko mmoja ni kilomita nne. Piga mara 200, unapata kama kilomita 805. Magari yanayoanza ni 33, na siku ya mbio enzi hizo ilikuwa sikukuu ya mwisho wa Mei ambayo Wamarekani huwakumbuka askari wao waliokufa vitani.

Miaka ya 1950 sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya lami, lakini mbele ya jukwaa kuu bado palikuwa na matofali. Gari likipita pale kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa, dereva alitikiswa mpaka mifupani. Usukani ulikuwa mzito, hakuna mtambo wa kuulainisha. Hakukuwa na chuma cha kukinga kichwa gari likipinduka. Dereva alikaa wazi, kifua na kichwa nje, kavaa kofia ngumu na miwani, tangi la mafuta likiwa nyuma ya mgongo wake.

Katika mazingira hayo dereva alitakiwa akae karibu saa nne. Hakuna mapumziko, hakuna dakika 15 za kunywa maji na kumsikiliza kocha.

Jambo lingine ambalo mashabiki wengi wa langalanga hawalijui: kuanzia mwaka 1950 hadi 1960, Indianapolis 500 ilihesabika kama moja ya mbio za ubingwa wa dunia. Ndiyo maana jina la Vukovich limo kwenye orodha ya washindi wa mbio za ubingwa wa dunia, ukurasa mmoja na akina Juan Manuel Fangio na Alberto Ascari, ingawa hakuwahi kushindana katika mbio za ubingwa huo kule Ulaya. Alianza mbio tano, akashinda mbili.

KIJANA WA FRESNO

Vukovich alizaliwa Desemba 13, 1918, huko Alameda, California. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa Kiserbia kutoka nchi iliyokuja kuitwa Yugoslavia. Familia ilihamia bonde la Fresno, eneo la mashamba ya zabibu na matunda, ikawa inaishi kwa kilimo.

Maisha hayakuwa mepesi. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipoipiga Marekani, wakulima wengi walipoteza walichokuwa nacho, na familia ya Vukovich nayo ikakumbwa. Mwaka 1932 baba yake alifariki. Bill alikuwa kijana wa miaka kama 14.

Ikabidi akaze. Shule ikaachwa, kazi za vibarua zikashika nafasi yake. Alifanya kazi za mashambani na kuendesha malori, na hapo ndipo alipozoeana na injini na usukani. Hakuanza mbio kwa sababu ya kupenda sifa. Alianza kwa sababu ulikuwa mkate.

Mwaka 1938, akiwa na miaka 19, alianza kushindana. Muda si mrefu akaingia kwenye magari madogo ya mbio yaliyokuwa yanapendwa sana California wakati huo. Ni vigari vifupi, vyepesi, vyenye hasira, vinavyokimbia kwenye viwanja vidogo vya udongo, usiku, taa zimewashwa, karibu kila siku ya wiki. Anayetaka kuvijua avifananishe na soka la mchangani: kiwanja kibovu, miguu inapigwa, lakini ukitoka salama pale umeshakuwa mchezaji.

Vukovich aliumia mara kadhaa, mifupa ikavunjika, akapona, akarudi. Gari lake dogo jekundu lilipata umaarufu pwani yote ya magharibi ya Marekani. Vita Kuu ya Pili ilipokuja na mbio kusimamishwa, aligeuka fundi wa kutengeneza magari ya jeshi. Vita ilipokwisha akaendelea alipoishia. Alitwaa ubingwa wa magari madogo wa pwani ya magharibi mwaka 1945 na 1946, na mwaka 1950 akawa bingwa wa magari madogo wa Marekani nzima.

Huko ndiko alikopata majina ya utani. Wapo waliomwita Mrusi Mwendawazimu, ingawa hakuwa Mrusi. Wengine walimwita Mserbia Mkimya, na hili lilimkaa vizuri zaidi. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Waandishi wa habari walipata shida naye, maana alijibu kwa kifupi au hakujibu kabisa. Hakupenda karamu, hakupenda kupigwa picha. Akimaliza kazi anarudi zake Fresno kwa mke wake, Esther, na watoto wao wawili.

Watu wengine walimwona ana nyodo. Waliokuwa karibu naye walijua ni mtu aliyekua kwa shida, hajazoea maneno mengi.

ALIANZA KWA GARI LA KIZEE

Mwaka 1950 alikwenda Indianapolis kwa mara ya kwanza. Alipewa Maserati kuukuu, lile lile ambalo Wilbur Shaw alilitumia kushinda mwaka 1939 na 1940. Wakati linampa Shaw ubingwa lilikuwa moto wa kuotea mbali, lakini miaka kumi baadaye lilikuwa limeshachoka. Vukovich alifaulu mtihani wa madereva wapya, lakini gari halikuwa na kasi ya kumwingiza kwenye 33 bora. Akaishia kuangalia.

Mwaka 1951 aliingia, akaanzia nafasi ya 20. Gari likaanza kuvuja oili, likasimama baada ya mizunguko 29. Kwa macho ya kawaida, alikuwa ni dereva mwingine tu aliyekuja na kuondoka.

Lakini kuna watu walikuwa wameona kitu.

Tajiri wa mafuta Howard Keck alikuwa na timu yenye mafundi wawili vijana, Jim Travers na Frank Coon. Hawa walikuwa wanafanya kazi kwa vipimo na hesabu wakati mafundi wengi bado walikuwa wanategemea kukisia na kusikiliza mlio wa injini. Kwa ajili ya mwaka 1952, karakana ya Frank Kurtis iliwatengenezea gari la aina mpya, likapewa jina la Fuel Injection Special.

Ujanja wa gari lile ulikuwa rahisi kueleza. Magari mengi ya wakati huo yalimkalisha dereva juu ya mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye matairi ya nyuma. Kwenye gari hili injini ilisogezwa upande wa kushoto, mtaimbo ukapita ubavuni mwa dereva. Dereva akakaa chini. Uzito wote ukashuka na kusogea upande wa ndani wa kona. Kwenye uwanja ambao kona zote ni za kushoto, hiyo ni faida kubwa. Miaka iliyofuata karibu kila timu iliyotaka kushinda pale iliiga.

Gari wakampa Vukovich.

1952: DAKIKA ZA LALA SALAMA

Mwaka huo Ascari alikuja kutoka Italia na Ferrari yake, akiwa njiani kuwa bingwa wa dunia. Gurudumu lake likavunjika baada ya mizunguko 40, akawa mtazamaji. Mambo yote yalikuwa kwa Vukovich, aliyeanzia nafasi ya nane na haikuchukua muda akawa mbele.

Aliendesha kama mtu aliyechelewa kazini. Aliyejaribu kumfuata alichoka. Troy Ruttman, kijana wa miaka 22, ndiye pekee aliyekuwa anabaki kwenye upeo wa macho, lakini kila mtu uwanjani alikuwa ameshajua bingwa ni nani.

Ndipo mambo yakaharibika. Usukani ulianza kumsumbua, ukawa haujibu inavyotakiwa. Dereva mwingine angepunguza mwendo, angeingia kwa mafundi. Yeye akang'ang'ana, maana kilichobaki kilikuwa kidogo.

Zikiwa zimebaki mizunguko tisa, kile chuma kikakatika. Gari likaelekea ukutani. Hapo Vukovich alifanya kitu ambacho wenzake walikikumbuka kwa muda mrefu: alilikwangua gari kwenye ukuta wa nje makusudi, likapunguza kasi kwa msuguano mpaka likasimama, bila kurudi katikati ya njia na kuwaua wengine.

Akatoka. Akasimama pembeni. Ruttman akapita, akatwaa ubingwa na kuwa mshindi mwenye umri mdogo kuliko wote katika historia ya mbio hizo, rekodi ambayo haijavunjwa.

Kwenye karatasi ya matokeo Vukovich aliandikwa wa 17. Ndiyo ubaya wa karatasi za matokeo.

1953: JUA LA KUUA

Mwaka uliofuata alirudi na gari lile lile na mafundi wale wale. Siku ya kutafuta nafasi za kuanzia, mvua ilianza kudondoka akiwa bado yuko njiani kwenye mizunguko yake minne ya kupimwa. Hakupunguza. Alimaliza kwa wastani wa kilomita 222 kwa saa, akachukua nafasi ya kwanza ya kuanzia.

Siku ya mbio ilikuwa joto lisilo la kawaida. Hewa ilipita nyuzi 30 na lami ilikuwa inachoma kuliko hapo. Ndani ya gari, ubavuni mwa injini, hali ilikuwa ni tanuri. Madereva walianza kuishiwa nguvu mmoja mmoja. Sheria za wakati ule ziliruhusu dereva kushuka na mwingine kumalizia, kama kufanya mabadiliko ya wachezaji, na siku hiyo timu nyingi zililazimika kufanya hivyo. Carl Scarborough aliposhuka kwenye gari lake alikuwa amezidiwa na joto. Alifariki siku hiyo hiyo katika hospitali ya uwanjani.

Vukovich hakushuka. Aliendesha mwenyewe mizunguko yote 200.

Na si kuendesha tu. Aliongoza mizunguko 195. Mitano iliyobaki wengine waliikamata wakati yeye amesimama kuweka mafuta na kubadilisha matairi. Aliyeshika nafasi ya pili, Art Cross, alifika zaidi ya dakika tatu baadaye. Katika mbio hizo dakika tatu ni zaidi ya mizunguko miwili mizima. Ni sawa na kumfunga mtu saba bila.

Zawadi ya ushindi ilikuwa karibu dola 90,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Kijana aliyewahi kuchuma matunda kwa ujira wa siku alikuwa sasa ndiye dereva anayezungumzwa kuliko wote nchini mwake.

Siri mojawapo ilikuwa mwili. Vukovich alikuwa mfupi, si mtu wa kutisha ukimwona. Lakini alifanya mazoezi ya mikono na mabega wakati madereva wengi wa enzi yake waliona mazoezi ni ya wanamasumbwi. Wenzake wakianza kulegea baada ya saa mbili, yeye ndio kwanza anachangamka.

1954: KUTOKA NYUMA

Waliodhani alibebwa na kuanzia mbele walipata majibu mwaka 1954.

Safari hii gari lilisumbua kabla ya mbio. Lilikuwa ni lile lile, limeshazeeka kidogo, na timu ilichelewa kupata nafasi ya kuanzia. Alipangwa wa 19. Mbele kabisa alikuwa Jack McGrath, aliyekuwa ameweka rekodi kwa kuwa wa kwanza kuvuka wastani wa maili 140 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 225.

Kutoka nafasi ya 19 kuna magari 18 ya kupita, na kila moja lina dereva asiyetaka kupitwa. Vukovich hakukurupuka. Alianza kuwapunguza mmoja mmoja. Akaja wa kumi, akaja wa tano, na mbio zilipofika nusu ya pili akawa anawaacha kwenye mataa. Aliongoza mizunguko 90 na kumaliza dakika moja na ushee mbele ya Jimmy Bryan, ambaye gari lake lilivunjika vifaa vya kuzuia mitikisiko na alifika mwisho mwili ukiwa umepondekapondeka.

Wastani wa kasi ya Vukovich ulikuwa kilomita 210 kwa saa. Rekodi mpya ya mbio hizo.

Kabla yake ni Wilbur Shaw na Mauri Rose pekee waliokuwa wameshinda mara mbili mfululizo. Sasa walikuwa watatu. Na kila aliyejua hesabu alijua kuwa kama si kile chuma cha mwaka 1952, huyu angekuwa tayari ana matatu, peke yake.

1955: MZUNGUKO WA 57

Kabla ya kurudi Indianapolis, Novemba 1954 alikwenda Mexico kushiriki mbio ndefu za barabarani za Carrera Panamericana, akiendesha Lincoln. Gari liliruka nje ya barabara milimani na kuporomoka. Alitoka hai.

Timu ya Keck ilikuwa inatengeneza gari jipya kwa ajili ya mwaka 1955, lakini halikuwa tayari. Vukovich akahamia timu ya Lindsey Hopkins, na mafundi wake Travers na Coon wakaenda naye. Alianzia nafasi ya tano.

Mei ile ilianza vibaya. Dereva Manny Ayulo alikufa mazoezini. Siku nne kabla ya mbio, Ascari, bingwa wa dunia mara mbili, alikufa akifanya majaribio huko Monza, Italia.

Mei 30 mbio zilianza na Vukovich na McGrath wakawa bega kwa bega. Huyu anapita, yule anarudi. Watu walisimama kwenye viti. Ilikuwa ni fainali ndani ya saa ya kwanza. Lakini gari la McGrath likapata hitilafu na kuishia njiani, na Vukovich akabaki peke yake mbele. Kati ya mizunguko 56 iliyokamilika, alikuwa ameongoza 50. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa mbali kwa sekunde nyingi.

Hakukuwa na presha. Hakukuwa na wa kumfukuza. Alikuwa anatoka kona ya pili, anawakuta madereva watatu wa nyuma aliokuwa anataka kuwapita kwa mzunguko mzima: Rodger Ward, Al Keller na Johnny Boyd.

Ekseli ya gari la Ward ikakatika. Likayumba, likapinduka. Keller akakwepa, akamgonga Boyd, na gari la Boyd likasukumwa moja kwa moja kwenye njia ya Vukovich. Boyd naye alikuwa mtoto wa Fresno, mji ule ule.

Vukovich hakuwa na pa kupita. Gari lake lilipanda kwenye tairi la Boyd, likaruka juu ya ukuta wa nje, likabiringita hewani na kuangukia nje ya uwanja, kisha likawaka moto. Alikufa papo hapo. Alikuwa na miaka 36.

Ward, Keller na Boyd walipona.

Dereva mmoja, Ed Elisian, alisimamisha gari lake katikati ya mbio, akashuka na kukimbia kwa miguu kuelekea kwenye moto ili amsaidie. Kwa kufanya hivyo alitupa nafasi yake ya kushinda chochote siku ile. Hakuweza kufanya lolote, lakini alikwenda.

Mbio hazikusimamishwa. Ndivyo ilivyokuwa zama zile. Bob Sweikert alishinda, na siku ya furaha yake ikawa siku ya msiba.

MWAKA ULIOBADILISHA MCHEZO

Siku 12 baada ya kifo cha Vukovich, Juni 11, gari la Mercedes liliruka kwenye watazamaji huko Le Mans, Ufaransa, na kuua zaidi ya watu 80. Dunia ikaanza kuuliza maswali. Uswisi ilipiga marufuku mbio za magari za uwanjani. Marekani, chama cha magari kilichokuwa kinasimamia mbio kwa miaka mingi, AAA, kilitangaza kujitoa. Ikabidi kiundwe chombo kipya, USAC, ili mchezo usife.

Ukitazama majina ya walioanza siku ile unaelewa kwa nini. Jerry Hoyt, aliyeanzia nafasi ya kwanza, alikufa kwenye mbio nyingine wiki chache baadaye. McGrath alikufa Novemba mwaka huo huo. Sweikert, bingwa mwenyewe, alikufa mwaka 1956. Elisian alikufa mwaka 1959. Keller mwaka 1961. Wote walikufa kwenye magari ya mbio.

Ward ajali ile ilimtikisa sana. Alirudi, akabadilika, akashinda Indianapolis 500 mwaka 1959 na 1962.

DAMU YA MBIO

Mtoto wa Vukovich, aliyeitwa Bill kama baba yake, alikuwa na miaka 11 wakati wa ajali. Ungedhani hatataka hata kusikia mlio wa injini. Mwaka 1968 alikuwa kwenye mstari wa kuanzia Indianapolis, akamaliza wa saba na kuchaguliwa dereva bora mpya wa mwaka. Mwaka 1973 alishika nafasi ya pili. Taji lenyewe hakulipata.

Mjukuu, Billy, akafuata. Naye mwaka 1988 akatwaa tuzo ile ile ya dereva bora mpya. Novemba 1990, akiwa na miaka 27, alikufa mazoezini huko Bakersfield, California, si mbali sana na Fresno. Mzee Bill wa pili alimzika baba akiwa mtoto, akamzika mtoto akiwa baba.

REKODI INAYOSUBIRI

Vukovich aliendesha jumla ya mizunguko 676 kwenye Indianapolis 500. Kati ya hiyo, 485 alikuwa anaongoza. Ni zaidi ya asilimia 71. Wapo walioshinda mara nyingi kuliko yeye, A.J. Foyt, Al Unser, Rick Mears na Helio Castroneves kila mmoja ana mataji manne. Lakini kwa kukaa mbele, hakuna kati yao aliyekaribia kiwango hicho.

Baada yake, Unser alishinda mara mbili mfululizo, Castroneves akafanya hivyo, na Josef Newgarden akafanya hivyo mwaka 2023 na 2024. Mwaka 2025 Newgarden alikwenda kutafuta la tatu. Gari likamharibikia kabla ya mwisho.

Hat-trick hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu, mkimya kutoka mashamba ya Fresno, na ilimponyoka kabla hata hajapata taji la kwanza. Siku ile ya 1952 aliposimama kando ya ukuta akiangalia wengine wakimalizia, hakuna aliyejua kuwa ndiyo ilikuwa bei ya historia nzima: mizunguko tisa.

Amezikwa Fresno.